Toroli Ilikuwa na Nguvu

Kaloleni, Kisumu

Mwanangu Saida,

Barua huanza kwa salamu, lakini mimi na wewe tunalala nyumba moja na hatujasalimiana tangu juzi, kwa hiyo nikiandika kwamba natumaini hujambo nitakuwa mnafiki. Najua hujambo. Asubuhi nimekusikia ukiimba uani ukianika nguo. Mimi ndiye nisiye mzima, na sitaki dawa.

Umekwenda Obunga kumuaga shangazi yako. Hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka kwake bila kula mara mbili. Basi nafasi ninayo. Nimekaa mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na jirani akipita naitikia salamu yake kwa kichwa tu ili ajue leo hakuna mazungumzo.

Sitakuandikia habari za sweta. Kama hukuitia kwenye sanduku, baridi ya Nairobi itakufundisha vizuri kuliko mimi. Wala sitakuandikia habari za kuswali, za wanaume, wala za kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia tangu unanyonya, na kama hayakuingia kwa masikio hayataingia kwa karatasi.

Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia. Ijumaa nilisugua sufuria ya pilau mpaka nikajichubua vidole, na jana nimeunguza mandazi ya wateja. Hasira hii siwezi kukupa kwa mdomo, maana nikianza kusema nitalia, na ukiniona nalia utadhani nalia kwa kuwa unaondoka. Sitaki uondoke na kosa hilo. Safari yako naifurahia. Kilichonikaa kooni ni ulichosema mbele ya wageni.

Ijumaa hiyo, wageni walipokwisha kula, Mzee Juma, kaka yake marehemu baba yako, alikuwa ameegemea ukuta akichokonoa meno. Akasema Mungu ni wa ajabu, baba ameuawa na toroli na mtoto anakwenda chuo kikuu kusomea uinjinia. Nami nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote, kwamba toroli ile ilikuja polepole, hakuna aliyekuwa akiisukuma, lakini ilikuwa na nguvu. Maneno hayo umeyasikia tangu utoto wako, pamoja na lawama kwa mkalimani aliyeyageuza mbele ya meneja wa kampuni. Wewe ukaweka kikombe chini, ukasema:

"Lakini Mama, tuseme ukweli, hapo ndipo ulikosea. Pale chini ni tambarare na hakuna mtu anasukuma, sasa fosi inatoka wapi? Ile ilikuwa momentamu. Mkalimani hakudanganya."

Mzee Juma akacheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe miaka yote hii tunamlaumu mkalimani bure, kumbe shemeji ndiye aliyekosea hesabu. Wakacheka wote, matumbo yao yamejaa pilau yangu. Na wewe ukatabasamu. Ungecheka ningekusamehe, maana kicheko humtoka mtu bila kupenda. Lakini lile lilikuwa tabasamu la mwanafunzi aliyesifiwa jibu lake mbele ya darasa, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Sasa nisikilize. Baba yako alipokufa ulikuwa darasa la pili. Mambo haya umeyapata vipande vipande, kingine kwangu, kingine kwa shangazi yako ambaye hajui kusimulia bila kuongeza chumvi. Nitakueleza yote mara moja kwa mpangilio, kwa sababu kesho utakuwa mbali na mimi sirudii.

Kule Riat, mlimani juu ya Otonglo, kulikuwa na machimbo ya kokoto. Siku hizi kampuni imekufa na majani yameota juu ya reli, lakini miaka ile ya mwanzo wa Uhuru barabara zilikuwa zinajengwa na kokoto ilitakiwa kila siku. Mawe yalipasuliwa juu, yakapakiwa kwenye toroli ya chuma, na toroli ikashushwa kwenye reli nyembamba mpaka chini kwenye mashine ya kuyasaga. Nyuma ya toroli kulikuwa na kamba nene ya katani. Vijana wa juu waliizungusha kwenye nguzo wakawa wanaiachia kidogo kidogo, mwishoni wakaishika kwa mikono wakateremka nayo, na toroli ikashuka kama mgonjwa anayeshikwa mkono.

Ukifika chini mteremko unakwisha kwenye kona, halafu kuna kipande cha tambarare, halafu gogo kubwa lililolazwa kuvuka reli ili toroli isiingie kwenye mashine. Hapo mbele ya gogo ndipo baba yako aliposimama. Kazi yake ilikuwa kutia kabari ya mti chini ya gurudumu toroli inapofika. Kamba ikiwa imeshikwa vizuri, toroli ilimfikia ikiwa imechoka kabisa, akatia kabari, kazi imekwisha. Hakusimama pale kwa ujinga. Alisimama pale kwa sababu ndipo alipoambiwa asimame, na ndipo aliposimama kila siku tangu aajiriwe.

Mimi niliuza uji na nyoyo kando ya mashine, kwa hiyo nilimwona kila siku. Mahindi na maharagwe ya nyoyo hiyo yalichemka huku namtazama mume wangu akipiga magoti na kuinuka, kupiga magoti na kuinuka. Nilikuwa nikimtania kwamba anaiabudu toroli. Akinijibu, alisema toroli ina heshima kuliko mke, ikifika inanyamaza.

Siku ile malori yalikuwa yamepanga foleni na madereva wanapiga honi. Nyapara alikuwa ameingiwa na haraka. Vijana wa juu waliniambia baadaye kwa kunong'ona, wakiangalia nyuma yao, kwamba nyapara aliwaamuru waifungue kamba pale kwenye kona wasiteremke nayo mpaka chini. Aliwaambia, "Huko ni tambarare, itasimama yenyewe tu." Wakaifungua, wakaikunja, wakaitupa ndani ya toroli juu ya mawe.

Niliiona ikitokea kwenye kona. Haikukimbia, Saida. Watu wote hukosea hapo, wanafikiri ilikuja mbio. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini baada ya swala ya adhuhuri, hana haraka, ameshika viatu mkononi. Na juu ya mawe niliiona kamba imekunjwa, ncha yake inaning'inia. Niliiona kwa macho haya. Nilijua kuna kitu si sawa lakini mkono wangu ulikuwa na upawa, na mdomo wangu haukusema kitu.

Baba yako akatia kabari. Gurudumu likaitema. Akaiwekea toroli bega. Miguu yake ikawa inateleza nyuma kwenye kokoto, na nakuapia, toroli ilianza kulegea. Mimi nilikuwa nikiitazama na niliona inalegea. Lakini nyuma ya baba yako kulikuwa na gogo, na gogo halirudi nyuma.

Sauti niliyoisikia sitaiandika.

Watu walikuja matangani wakaniambia ni mipango ya Mungu. Niliwaitikia amina kwa adabu. Lakini Mungu namjua, hana tabia ya kufungua kamba za watu.

Kampuni ikafanya uchunguzi wake. Nilikuwa eda, na wewe unajua mjane aliye eda hatoki nje bila sababu. Mzee Juma alikwenda kumwomba shehe idhini, akanipeleka nimejifunika buibui mpaka machoni, halafu tulipofika mlangoni wakamwambia yeye angoje nje. Ndani kulikuwa na meneja, Mzungu mwenye shingo nyekundu, na nyapara, na karani, na mkalimani, Bwana Elisha wa Mamboleo, mwalimu wa Jumapili kanisani kwao. Nyapara alikuwa amekwisha kusema yake. Amesema toroli ilikuwa inakwenda polepole, pale ni tambarare, hakuna aliyeisukuma, kwa hiyo marehemu alijiangusha mwenyewe kwa uzembe.

Meneja akauliza kwa Kiingereza, na Bwana Elisha akanigeuzia. Akaniuliza kama toroli ilikuwa na nguvu.

Nikasema ndiyo. Nikasema ilikuwa na nguvu nyingi sana.

Bwana Elisha akageuza. Meneja akainua kichwa, akauliza ni nani basi aliyekuwa akiisukuma. Nikasema hakuna. Akauliza kama ilikuwa inavutwa. Nikasema haikuvutwa. Akauliza kama pale pana mteremko, nikasema pale ni tambarare. Akauliza tena, je, ilikuwa na nguvu? Nikasema, kwa sauti kubwa sasa, kwa sababu nilidhani hajasikia, kwamba ilikuwa na nguvu, ilikuwa na nguvu, mume wangu ni mtu wa miraba minne na ilimshinda.

Meneja akatikisa kichwa akamwambia karani kitu. Baadaye nilipata kujua kitu gani. Karani aliandika kwamba mjane anasema toroli ilikuwa inasukumwa na wakati huo huo anasema hakuna aliyeisukuma, kwa hiyo ushahidi wake unajipinga. Tukatoka. Mambo yote yalikwisha kabla uji haujapoa.

Kuhusu kamba hakuna aliyeniuliza.

Hapo ndipo penye kosa langu, Saida, na nilikwisha kulijua kabla haijazaliwa elimu yako. Nililelewa kwamba mtu mzima akikuuliza unajibu alichouliza, mwanamke hasa, na mjane aliye eda hasa zaidi. Niliulizwa nguvu, nikajibu nguvu. Nilikaa pale na kamba nzima kichwani, nangoja zamu yake, nikidhani wenye akili wana utaratibu wao na kamba itafika mbele. Haikufika. Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe ofisini kwao kuisema. Karani hakuniruhusu hata kukaa. Akaniambia, "Mama, hiyo kesi ilikwisha. Wewe ndio ulisema iko nguvu na hakuna mtu. Sasa leo unaleta kamba?"

Basi baba yako akazikwa mara ya pili, kwa jina la mzembe. Na neno hilo likishasukumwa mara moja halihitaji mtu wa kuendelea kulisukuma. Lilishuka lenyewe kutoka Riat mpaka Otonglo, mpaka sokoni Kibuye, mpaka shuleni kwenu. Unakumbuka siku uliyorudi umechanika sketi kwa kupigana. Nilikuuliza wamekutukana nini, ukakataa kusema. Nilijua.

Mimi nikamchagua Bwana Elisha. Meneja alikwisha rudi kwao Ulaya na nyapara alihamia sijui wapi, na hasira lazima iwe na mtu wa kukaa naye. Nikasema Bwana Elisha alipotosha maneno yangu. Kila nikikutana naye Kibuye alivua kofia kunisalimu, nami nilitema mate pembeni nikapita. Nilikataa kumuuzia mandazi. Mkewe alipojifungua watu walikwenda kumwona, mimi sikwenda. Nilifanya hivyo miaka mingi na sikuchoka.

Halafu ukaingia kidato cha tatu ukaanza kuniletea fizikia nyumbani.

Sijasahau vikombe vyangu. Vikombe vya harusi, vya maua ya bluu, nilivyokuwa nikivitoa Idi tu. Ukanipangia juu ya kitambaa cha meza ukaniambia, "Mama, angalia, nikivuta haraka vitabaki pale pale, kitu kilichotulia kinapenda kutulia." Ukavuta. Viwili vilipenda kutulia na viwili vilipenda sakafu. Nilikufukuza na mwiko mpaka barabarani, na wewe unakimbia huku unapiga kelele kwamba kosa ni la kitambaa, kina tarizi nzito. Jioni ile nilicheka peke yangu jikoni, jambo ambalo sikukuambia kwa sababu ungevunja na vilivyobaki.

Lakini tangu hapo nikawa nasikiliza. Wewe ulisoma kwa sauti, mimi nakanda unga. Ukasoma kwamba kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ndipo kiendelee kwenda, kinaendelea chenyewe mpaka kitu kingine kikizuie. Mikono yangu ikasimama ndani ya unga. Nikakwambia soma tena. Ukasoma tena. Ukanieleza kwamba chenye kusukuma kinaitwa fosi, na kile ambacho kitu kinabeba kwa sababu kinakwenda ni kingine kabisa, kina jina lake, momentamu. Ulisema uzito wa kitu, zidisha kwa mwendo wake. Kizito kikija polepole kinaweza kubeba kushinda chepesi kinachokimbia. Na ukitaka kukisimamisha unahitaji fosi na unahitaji muda, na ukinyimwa muda, fosi lazima iwe kubwa kuliko unavyoweza.

Nikakuuliza, "Na toroli imejaa mawe, mwendo wa mtu anayetembea?"

Ukachukua kipande cha mkaa ukapiga magoti ukaanza kuandika sakafuni, kuanzia chini ya meza mpaka karibu na kitanda. Ulifuta kwa kiganja, ukaandika tena. Sikuelewa hata tarakimu moja, lakini nilikuona unavyopiga magoti na kuinuka, na nilimwona yeye. Halafu ukakaa juu ya visigino, uso una masizi, ukasema:

"Mama, Baba alikuwa anaisimamisha. Angeisimamisha kabisa. Alichokosa ni nafasi nyuma yake."

Saida, hicho ndicho kilichokuwa cheti chake. Hakuna aliyempa kingine. Uliandika kwa mkaa kwenye sakafu yangu kwamba mume wangu hakuwa mzembe, alikuwa mtu aliyefanya kazi sawasawa na akakoseshwa nafasi. Sikuifagia sehemu ile. Nilikuwa nafagia pembeni yake, na ulinicheka ukaniuliza kama nimezeeka. Ulifikiri sioni vumbi.

Na baada ya hapo nilipanda baiskeli ya jirani, nikabebwa nyuma mpaka Mamboleo kwa Bwana Elisha. Nilikwenda na shari. Sasa nilikuwa na silaha, nilijua maneno ni mawili na yeye alinipa moja. Nilimkuta anapalilia mahindi. Nikamsomea yote, fosi na momentamu, nimesimama katikati ya shamba lake na viatu vyangu vimejaa udongo. Akaegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Saida," akasema, "hiyo momentamu nasikia leo kwa mdomo yako. Mimi niliulizwa fosi, nikasema nguvu. Wewe ukasema nguvu, nikasema fosi. Ningesema nini? Hata kwa Kijaluo ni teko tu, hakuna ingine."

Ni kweli. Mtoto akibeba debe la maji tunasema ana nguvu. Injini ya lori ina nguvu. Dawa kali ina nguvu, rais ana nguvu, mto ukifurika una nguvu, na toroli inayokuja yenyewe ina nguvu. Sisi tumeishi na neno moja na limetutosha, mpaka siku ile katika chumba kile ambapo maneno yalitakiwa mawili.

Nilipogeuka kuondoka, Bwana Elisha aliniita. Akasema, akiangalia mahindi yake, "Lakini mimi niliona wewe iko na kitu ingine unataka kusema. Niliona kwa macho. Sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno tu." Akanipa mahindi mabichi. Niliyachukua. Nilirudi nimekasirika kuliko nilivyokwenda, kwa sababu sasa nimebaki na hasira na sina pa kuiweka.

Kwa hiyo unaona, mwanangu, uliposema mkalimani hakudanganya, hukuniambia jambo jipya. Nililijua kabla yako na nililipia nauli ya baiskeli. Usifikiri nimekasirika kwa sababu umesema uongo. Umesema kweli, na kweli yako ukaikata hapo hapo. Nyapara alisema kweli, toroli ilikwenda polepole. Meneja alisema kweli, pale hapakuwa na fosi. Mkalimani aligeuza kwa ukweli. Na mimi nilisema kweli. Kila mtu katika chumba kile alisema kweli, na baba yako akatoka mzembe. Ijumaa umekwenda ukakaa kwenye kiti cha meneja ukasema kweli yake ile ile, kwa sauti nzuri, kwa Kiswahili, ukiwa umekula chakula changu.

Ulibakiza sentensi moja tu. Mzee Juma alipocheka ungesema kwamba momentamu ile ndiyo iliyomuua, na aliyefungua kamba ndiye aliyeiachia. Unaijua kamba. Nimekuambia habari ya kamba mara nyingi kuliko habari ya harusi yangu. Lakini ulikuwa umepata jibu sahihi, na mtu akishapata jibu sahihi hushiba. Hilo ndilo linaloniogopesha, Saida. Nakuogopa wewe. Nimemlea mtoto kwa mandazi ili awe na maneno mawili pale nilipokuwa na moja, na mara ya kwanza kuyatumia ameyatumia kunifunga mimi mdomo.

Huko uendako watakufundisha mengi. Jifunze yote. Usije ukaacha kusema fosi kwa kumwonea mama yako huruma, maana fosi ni fosi na nguvu zangu hazitakupasisha mtihani. Lakini siku moja utakuwa umevaa ile kofia ngumu, na kutakuwa na mtu amelala chini amefunikwa turubai, na utaletewa mwanamke uulize maswali. Atakuwa na neno moja kwa kila kitu. Atajibu unachouliza na hataongeza, kwa sababu amelelewa vizuri. Usimsahihishe. Muulize aliona nini. Akimaliza, nyamaza kidogo, halafu muulize aliona nini kingine. Mimi nimengoja swali hilo la pili tangu siku ile mpaka leo, na hata wewe hujaniuliza.

Jua linashuka na shangazi yako atakuwa amekwisha kukulisha mara ya pili. Barua hii nitaitia kwenye sanduku, chini ya sweta, kwa hiyo ukiikuta nitajua kwamba angalau sweta umeitoa. Kesho nitakuja stesheni. Nitakushika mkono, nitakupa mandazi, na treni ikianza kwenda shika chuma usije ukaanguka nyuma, sababu yake unaijua kuliko mimi. Usiniombe radhi pale mbele ya watu. Radhi yangu unayo, ya mzazi haikatwi kwa sentensi moja. Hasira nayo unayo. Nenda na zote mbili.

Ila nakutuma kitu kimoja. Tafuta neno la Kiswahili la kile toroli ilichokuwa nacho. Usiniletee momentamu, hiyo ya Kiingereza tumeipaka mafuta tu. Nataka neno ambalo muuza uji anaweza kulisema mbele ya meneja, na mkalimani akaligeuza bila kutafuta, na karani akaliandika bila kucheka. Uliza wasomi wenzako, uliza wazee wa pwani, na kama halipo litengeneze, si ndiyo kazi ya mainjinia? Ukilipata niandikie. Nitakwenda nalo makaburini nimsomee baba yako, halafu nitapita kwa Bwana Elisha nimpe na yeye.

Mpaka utakapolileta, mtu akiniuliza nitajibu kama nilivyojibu. Toroli ilikuwa na nguvu. Mimi nilikuwa pale.

Mama yako